Fenilibutazoni ya pakiti ya gramu 1 kwa punda: nzuri kwa kutibu, isikaribie siku ya resi

Unga huu ulitengenezwa kwa ajili ya farasi, lakini kwa wenye punda wa gari Unguja na Pemba ni miongoni mwa dawa bora za maumivu ya mguu. Hupunguza uvimbe na maumivu ya viungo, kano na kwato. Punda aliyetunga usaha ndani ya kwato wakati wa masika, au aliyeumia kwenye ardhi ya maweni, hupata nafuu upesi, akakanyaga, akarudi kula. Sharti lake ni kwamba kwato ichongwe kwanza na usaha utoke, ndipo dawa ifuate. Ikitangulia dawa, usaha unaendelea kupanda ndani huku mnyama akionekana mzima.

Kasoro inayotuudhi iko kwenye kipimo. Pakiti imepimwa kwa farasi, mnyama wa kilo 450 au 500, na punda hatofautiani naye kwa uzito tu. Mwili wa punda huitoa dawa hii haraka: kwa farasi nusu yake hutoka kwenye damu kwa kama saa tano, kwa punda ni saa moja mpaka mbili. Ndiyo maana punda hupewa miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, na daktari wa mifugo ndiye wa kusema ni kwa siku ngapi.

Uzito usikisiwe kwa macho. Chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima kimo kutoka chini mpaka juu ya bega. Punda mwenye mzunguko wa sentimita 110 na kimo cha sentimita 100 ana kilo 133 hivi. Dozi yake ni miligramu 585, yaani zaidi kidogo ya nusu pakiti asubuhi, na kiasi hicho hicho jioni. Ukimwaga pakiti nzima kila mara unakaribia kumpa mara mbili, na kwa dawa hii nafasi kati ya kinachotibu na kinachodhuru ni finyu. Unga ni mchungu, kwa hiyo uchanganye na pumba kidogo zilizoloweshwa kwa maji ya sukari guru, umalizike kabla hajapewa majani.

Madhara huanzia tumboni. Dawa huzuia kemikali zinazoleta maumivu, lakini kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo zinazolinda utando wa tumbo na kupitisha damu kwenye figo. Vidonda vya tumbo vikiingia, punda huacha kula, na hapo kuna hatari ambayo wengi hawaijui: punda aliyekaa bila kula mwili wake humwaga mafuta mengi kwenye damu, ini linashindwa, naye anaweza kufa kwa hilo kuliko kwa mguu uliokuwa ukiuma. (Punda hafichui maumivu mapema. Akibaki amesimama, kichwa chini, hagusi majani, hali tayari ni mbaya.) Usiichanganye kamwe na fluniksini wala dawa nyingine ya jamii hii.

Sasa anayetaka kuitia kwenye pumba asubuhi ya resi ya sikukuu. Hapa hatuna huruma na hoja ya "apunguziwe maumivu tu". Kano iliyochanika kidogo humlinda mnyama kwa kuuma; ukiizima, ataiwekea uzito wote akiwa mbioni, na mpasuko mdogo unakuwa mkubwa. Ongeza jua na jasho: punda aliyepungukiwa maji akiwa na dawa hii mwilini, figo zake ndizo zinazoumia.

Wenzetu wa mbio za farasi wamelipigania jambo hili miaka mingi. Mwaka 1968 farasi Dancer's Image alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani, ikaonekana fenilibutazoni kwenye kipimo chake, akanyang'anywa ushindi. Hata hivyo Marekani baadaye iliruhusu Lasix, yaani furosemaidi, saa nne kabla ya mbio, kwa hoja kwamba hupunguza damu inayovuja mapafuni farasi akikimbia kasi. Hoja hiyo ina ukweli, lakini dawa humkojoza mnyama maji mengi, naye huingia uwanjani mwepesi kuliko alivyo. Uingereza hairuhusu itumike siku ya mbio. Kwa punda wa kwetu hata hoja yenyewe haipo, na Lasix pamoja na unga huu kwenye joto letu ni njia fupi ya kuua figo.

Kipimo chetu kwa waandaaji wa resi ni rahisi: siku tatu kamili bila dawa, kisha atembezwe trot, yaani mbio ndogo ndogo, kwenye sakafu ngumu, kamba ikiwa legevu. Akiumwa mguu wa mbele, kichwa hupanda mguu huo unapokanyaga. Kichwa kikipanda, arudi nyumbani.

Ng'ombe asipewe kabisa, awe wa gari au wa mchezo wa ng'ombe Pemba. Kwake dawa hukaa mwilini siku nyingi, naye mwisho wake ni machinjioni. Kwa binadamu fenilibutazoni imewahi kuharibu uboho unaotengeneza damu, na hakuna kiasi kwenye nyama kilichokubaliwa kuwa salama.

Dukani tazama tarehe ya mwisho na uikatae pakiti iliyotoboka. Nusu inayobaki ikunje, uitie kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Unyevu wa kwetu hugandisha unga, na unga uliogandana haugawiki sawasawa.