Filta ya envelopu kwa besi ya fanki: ipi ununue, ipi uiache

Pedali nyingi za filta, yaani vifaa vya kukanyaga vinavyochuja sauti ya chombo, zilitengenezwa zikimlenga mpiga gitaa la kawaida, kisha mpiga besi akaambiwa kwamba na yeye zitamfaa. Kufaa zinafaa, mpaka bendi nzima ianze kupiga. Hapo uzi wa E, ule mnene, unaguswa, filta inatoa ule mlio wake wa kupendeza, na chini hakuna kitu. Mpiga ngoma anageuka kukutazama.

Kwa hiyo orodha hii ina kigezo kimoja kikubwa kuliko vingine vyote: pedali ikiwashwa, je, besi inabaki besi? Uzuri wa mlio unakuja wa pili. Pedali ambayo ukiwa peke yako chumbani inakusisimua inaweza kuwa ndiyo itakayopotea kabisa mara kinanda na ngoma zikiingia.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo vitufe vyake havieleweki. Ndani ya pedali kuna sehemu inayopima nguvu ya kila noti unayopiga. Kadiri unavyopiga kwa nguvu ndivyo filta inavyofunguka zaidi, na noti inapofifia filta inajifunga. Ni wa-wa (ile pedali ya filta inayochezwa kwa mguu) isiyohitaji mguu, mkono wako ndio unaoiongoza. Wa kwanza kuifanya iwe chombo cha kuheshimika alikuwa Mike Beigel wa kampuni ya Musitronics, aliyebuni Mu-Tron III mwanzoni mwa miaka ya 1970. Stevie Wonder aliipitishia klavineti yake, kinanda cha umeme, katika wimbo "Higher Ground" wa 1973, na Bootsy Collins akaifanya kuwa sehemu ya sauti yake ya besi kiasi kwamba watu wengi wanaposema "sauti ya fanki" huwa wanamaanisha yeye. Ndani ya Mu-Tron kuna taa ndogo inayomulika kipokea mwanga. Kipokea mwanga hakiitiki ghafla kama swichi, hivyo filta inafunguka na kufunga kwa ulaini, na ulaini huo ndio ambao watengenezaji wamekuwa wakiufukuzia hadi leo.

Sasa uzito wa chini. Uzi wa E ulio wazi una msingi, yaani sauti yake ya chini kabisa, wa takriban hezi 41, na kwenye besi ya nyuzi tano ule wa B unashuka hadi kama 31. Filta inayopitisha sauti za chini, ambayo kwenye swichi huandikwa LP, inauacha msingi huo upite. Ile ya katikati, BP, inakata chini na juu, ndiyo maana ina ule mlio wa puani ambao gitaa la kawaida linaupenda. Ya HP inakata chini kabisa. Kwenye besi nisingeigusa, labda kwa mstari mmoja wa mchezo katikati ya wimbo. Ukinunua pedali yenye BP pekee, hakikisha ina kitufe cha kuchanganya sauti safi na ile iliyochujwa. Kikikosekana hicho, iache dukani.

Kitu cha pili cha kuangalia ni usikivu, ambao kwenye pedali huitwa Sens, Threshold, Drive au Gain kutegemea kampuni. Besi yenye betri ndani hutoa ishara yenye nguvu kuliko besi ya kawaida, na pedali iliyotengenezewa gitaa huzidiwa mapema: filta inafunguka mpaka mwisho kwa kila noti, iwe umepiga kwa upole au kwa hasira. Hapo hakuna tena mazungumzo kati ya mkono na pedali, na fanki bila mazungumzo hayo haina ladha. Kitu cha tatu ni Decay, yaani filta inachukua muda gani kujifunga. Ikijifunga taratibu mno, noti za kasi zinashikana na zile zilizozibwa, ambazo ndizo roho ya mdundo, hazisikiki. Ikijifunga haraka mno, noti ndefu zinatetemeka.

Basi, mpangilio wangu.

Ya kwanza: MXR M82 Bass Envelope Filter

Kwa mtu anayenunua filta yake ya kwanza, au anayetaka moja tu ya kukaa nayo miaka, ningempa hii bila kufikiri sana. Ina vitufe vitano: Dry, FX, Decay, Q (ukali wa mlio wa filta) na Sens. Uzuri wote umekaa kwenye viwili vya kwanza. Dry inadhibiti sauti safi na FX ile iliyochujwa, kila kimoja kivyake, kwa hiyo unaweza kuweka uzito wa chini uleule uliokuwa nao pedali ikiwa imezimwa, kisha ukamwagia filta juu yake kwa kiasi unachotaka. Pedali nyingine zina kitufe kimoja cha kuchanganya, ambapo ukiongeza hiki unapunguza kile. Hapa huna haja ya kuchagua.

Vilevile ina kasha dogo, na vitufe vyake vinaitika vizuri unapovigeuza kidogo. Udhaifu wake ni kwamba filta inapanda tu ukipiga, haina swichi ya kuigeuza ishuke, na mlio wake ni wa kistaarabu kidogo. Anayetaka ule ukichaa wa Bootsy ataona kuna kitu kimepungua hata akizungusha Q hadi mwisho.

Kwa kuanzia, weka Dry na FX katikati, Q juu kidogo ya katikati, Decay chini ya katikati, kisha geuza Sens huku ukipiga mstari wako halisi. Usipige noti moja moja. Simama pale ambapo noti laini inafungua filta nusu na noti kali inaifungua yote.

Ya pili: 3Leaf Audio Proton

Hii ndiyo ya yule anayeitaka Mu-Tron lakini hataki kubeba sanduku la zamani. Imetengenezwa na watu wanaowafikiria wapiga besi, na inaitika haraka bila kugonga. Uzito wa chini unabaki. Ukipiga kwa upole inanong'ona, ukikaza inafoka, na katikati ya hapo kuna ngazi nyingi za kuchezea. Kwa mlio peke yake ningeiweka ya kwanza.

Kilichoishusha ni upatikanaji. Kampuni ni ndogo, na si pedali utakayoikuta ukutani katika kila duka la vyombo. Aidha unaagiza, aidha unavizia iliyotumika. Ukiikuta na hali yake ni nzuri, usitoke kwenda kufikiria.

Ya tatu: EBS BassIQ

EBS ni kampuni ya Sweden iliyojijenga kwa vifaa vya besi, na BassIQ inaonyesha hivyo. Ina vitufe viwili tu, Attack na Threshold, na swichi ya nafasi tatu: Up, Down na Hi-Q. Mtu anayechukia kuinama jukwaani kutafuta sauti ataipenda. Upande wa Up unatoa fanki ya kawaida iliyonona, Hi-Q inaongeza ukali, na Down inatoa mlio wa kumeza unaofaa mistari mizito ya polepole.

Haina kitufe cha sauti safi, ila filta yenyewe imepimwa kwa besi tangu mwanzo, hivyo pengo halisikiki sana. Wapiga slepu, wale wanaozigonga nyuzi kwa kidole gumba, wajaribu kabla ya kulipa. Kidole gumba kinatoa mshindo mkubwa wa ghafla, na kuipata nafasi sahihi ya Threshold kunadai subira.

Familia ya Q-Tron

Electro-Harmonix walimwita Beigel mwenyewe, na Q-Tron zikatoka kwake, kwa hiyo damu ni ileile. Tatizo la mnunuzi ni kwamba ziko kadhaa na hazifanani. Q-Tron+ kubwa ndiyo inayostahili nafasi ya nne kwenye orodha hii. Ina LP, BP, HP na Mix inayochanganya sauti safi, ina swichi ya kupandisha au kushusha filta, ina swichi ya kasi ya kuitika, na ina kitu ambacho wengi hukilipia wasikitumie: tundu za kuingizia pedali nyingine katikati. Ukichomeka fazi (pedali inayoikwaruza sauti) hapo, pedali inaendelea kupima nguvu ya mkono wako kutoka kwenye sauti safi, lakini kinachochujwa ni sauti ya fazi. Matokeo yake ni sinthesaiza kamili ya miaka ya sabini inayotoka kwenye nyuzi nne, na hakuna pedali nyingine kwenye orodha hii inayokupa hilo kwa urahisi namna hiyo.

Nano Q-Tron ni ndogo, na kitufe chake cha sauti kinaiweka mbele ya Micro Q-Tron, ambayo ukiiwasha inaweza kuruka kwa sauti kubwa kuliko ulivyokusudia. Ukinunua ndogo, chukua Nano, iweke kwenye LP na Q usiipandishe sana. Na ukinunua Q-Tron kubwa ya zamani iliyotumika, ulizia adapta yake: nyingi zilihitaji volti 24, na ya volti 9 uliyo nayo nyumbani haitasaidia.

Source Audio Spectrum

Ya kidijitali, na hapo ndipo watu wanapogawanyika. Ndani ya kasha dogo kuna filta nyingi za aina tofauti, na kwa programu ya simu unaweza kuchimba kila kipimo: filta ianzie wapi, iishie wapi, ijifunge kwa kasi gani, sauti safi iwe kiasi gani. Anayepiga nyimbo za watu wengine wiki nzima, leo fanki ya zamani na kesho kitu cha klabu, ataitumia kuliko zote nilizotaja. Binafsi naiweka ya tano kwa sababu moja tu: nikipewa vipimo mia, nitaishia kuvigeuza badala ya kupiga. Wewe kama una nidhamu, ipandishe hadi ya pili.

Nyinginezo

Aguilar Filter Twin ina filta mbili zinazokwenda pande tofauti kwa wakati mmoja, moja ikipanda na nyingine ikishuka, na unachanganya kati yake. Mlio wake unavutia mno na haufanani na wa mwingine yeyote. Ndiyo maana pia si chaguo la kwanza kwa anayetaka sauti ya fanki inayojulikana. Boss AW-3 ina tundu la kuingilia la besi peke yake, jambo adimu kwa pedali ya Boss ya ukubwa huo, na iliyotumika ikiwa nzima ni mwanzo mzuri kwa mwenye mfuko mwepesi. Bassballs ya Electro-Harmonix ina besi kwenye jina, lakini mlio wake ni mwembamba na wa kama mtu anayeongea. Inachekesha kwa dakika tano. Moogerfooger MF-101 ni kifaa cha ajabu, kinono kama sinthesaiza za kampuni hiyo, ila uzalishaji wa mfululizo huo ulikoma 2018 na kasha lake linakula nusu ya ubao wa pedali.

Kama tayari una kifaa chenye efekti nyingi ndani, kama zile za Zoom za besi, humo mna filta kadhaa. Zitumie miezi michache kwanza. Zitakuambia kama unapenda kupanda au kushuka, kama unapenda Q ya juu, na kama kweli utaitumia filta kwenye nyimbo zaidi ya mbili.

Kuhusu mahali pa kuiweka: filta iwe ya kwanza au karibu na mwanzo, kabla ya kompresa. Kompresa inasawazisha nguvu za noti, na filta ikipokea noti zilizosawazishwa inakosa cha kufuata. Okteva, pedali inayoongeza noti ileile ikiwa chini zaidi, ni tofauti. Ikitangulia filta, inaipa sauti nene ya kuchuja, na muungano huo ni wa zamani na hauchoshi. Fazi nayo ikitangulia inaongeza sauti za juu ambazo filta inazihitaji ili isikike, lakini inapunguza tofauti ya nguvu za mkono, na ndiyo sababu tundu za Q-Tron+ zina maana. Nyuzi mpya zenye mng'ao zinaionyesha filta kuliko nyuzi laini zilizochakaa, kwa kuwa pasipo sauti za juu hakuna cha kufungua.

Ukienda kujaribu, beba besi yako mwenyewe. Usikivu uliopatikana kwa besi ya dukani hautakuwa na maana kwenye yako. Piga mstari uleule pedali ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, kwenye amplifaya yenye spika ya kutosha kutoa uzito, na usitumie zile ndogo za mazoezi, kwani hazina uzito wa chini wa kupoteza. Na mwombe mtu apige ngoma, au hata mdundo wa simu, wakati unasikiliza.