Kereng'ende wa plastiki wa kuvulia besi: nimemtumia miezi mitatu, haya ndo niliyoyaona

Nilimnunua kwa sababu ya swali moja tu, hivi besi anakiona kitu kikiwa bado hewani au anashtuka pale maji yanapotikisika? Kwenye boksi wameandika samaki ataruka amdake kabla hajatua, na dola 9 zangu nilizitoa kwa ajili ya hayo maneno, maana vyambo vya kuelea ninavyo vingi sikuwa na shida ya kingine.

Kwa wasiomjua huyu samaki, besi ni yule wa mdomo mkubwa, wa kijani kijani mwenye mstari mweusi ubavuni, kwao ni huku Marekani ya kaskazini. Wakenya mnamfahamu, alipandikizwa ziwa Naivasha toka mwishoni mwa miaka ya 1920. Mimi nimekulia Kigoma, sasa hivi naishi Fort Worth, Texas, na huku besi ndo samaki wa watu, kila bwawa la mtaani yupo, na ukitaka wakubwa unaendesha kwenda mashariki ziwa Lake Fork ambako ndiko alikotoka yule wa rekodi ya Texas mwaka 1992, ratili 18.18, karibu kilo 8 na robo. Huyo sijamwona hata wa kumkaribia lakini nina sababu zangu za kuendelea kuamka saa kumi na moja.

Sasa mdudu mwenyewe. Ana urefu kama wa kidole cha kati, mwili ni mpira laini uliokaa kama bomba, mabawa manne ya plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, na ndoano ni moja yenye ncha mbili zimelala mgongoni zinatazama juu ili asinase kwenye majani. Ukimrusha mabawa yanamfanya atue kwa tumbo taratibu, hapigi maji kwa kishindo, hilo nalipenda sana. Shida ni kwamba ni mwepesi mno, kama una fimbo nzito ya kuvulia kwenye magugu hatoki mbali, na upepo ukiwepo ndo kabisa anarudi kama karatasi. Mimi niliishia kumtumia na fimbo ya wastani na mshipi wa kusuka wa ratili 30, na hapa msikosee, tumieni wa kusuka kwa sababu unaelea, ile mishipi ya fluorokaboni inazama na inamvuta mdudu kichwa chini.

Rangi wanauza tatu, kijani, bluu na nyeusi. Nilichukua ya kijani na nyeusi, bluu nikaiacha na sababu ipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walipima macho ya besi wakakuta ana aina mbili tu za chembe za kuonea rangi, moja inashika kijani na nyingine nyekundu, na walipowafundisha samaki kuchagua rangi wakaona bluu iliyokoza na nyeusi anazichanganya. Kwa hiyo ukinunua bluu na nyeusi kwa samaki ni kama umenunua nyeusi mbili.

Wiki tatu za kwanza nilimtumia kama walivyoelekeza, rusha, mwache atulie, mtikise kidogo, mvute, mwache. Alileta samaki, siwezi kudanganya, ila wote walipiga akiwa tayari kwenye maji na wengi baada ya kumtikisa. Hapo swali langu lilibaki palepale kwa sababu besi ana mstari mwingine ubavuni, si ule mweusi, unaohisi mtikisiko wa maji, sasa nitajuaje kama kamwona au kamhisi tu?

Nina jirani yangu hapa, mzee wa kutoka Uvira, Kongo, sote tunamwita Papa, yeye amevua Tanganyika upande wa pili wa maji yaleyale niliyokulia mimi. Nikamweleza, akaniangalia kama mtu niliyeuliza kama jua linachomoza. Akasema, "Mwanangu, samaki anaonaka inje ya mayi. Kule kwetu unasimama kwenye mtumbwi, kivuli chako kinaanguka, samaki wote wanakimbia. Kama haoni, anakimbia nini?" Jamani hilo jambo nimeliona toka utotoni na sikuwahi kuliunganisha na besi. Halafu akaniambia niache kumrusha, nimning'inize.

Na ndo nilivyofanya. Kwenye bwawa ninalovua kuna mti mmoja umeinamia maji, tawi lake lipo juu ya maji kama mita moja na nusu, chini yake kina ni kama cha kiuno na maji ni maangavu mpaka unaona majani yaliyooza chini. Nilirusha mshipi ukapita juu ya tawi, mdudu akashuka upande wa pili nikamsimamisha shubiri moja juu ya maji. Hakugusa. Nilikuwa nimevaa miwani ya kuondoa mng'ao na nimechuchumaa nyuma ya matete ili nisionekane, asubuhi, hakuna upepo, maji yametulia kabisa.

Dakika kama mbili hivi kikatokea kivuli kutoka kwenye mizizi. Besi wa kadiri, kama urefu wa kuanzia kiwiko mpaka vidole. Akaja taratibu akasimama chini ya mdudu, kama mkono mmoja kwenda chini, halafu akainua kichwa, mwili wote ukakaa mshazari, mapezi ya kifuani yanapunga kidogokidogo tu ya kujishikilia asisogee. Mimi nimeganda. Mdudu akapeperushwa kidogo na hewa akageuka upande, na yule samaki akageuka naye. Maji hayajatikiswa na chochote! Nikavuta mshipi mdudu akapanda kama nusu shubiri, nikamshusha, samaki akarudi nyuma kidogo halafu akaruka, mwili mzima ukatoka nje mpaka nikaona tumbo jeupe, akamkosa, ila mkia ulipiga bawa moja likang'oka. Nilisimama pale moyo unadunda na sikuwa hata na samaki mkononi lakini jibu nilikuwa nalo.

Asubuhi ile walikuja wanne kwenye lile tawi. Wawili waliruka, mmoja alitazama akaenda zake, wa nne alitazama sana mpaka nikachoka nikamshusha mdudu akagusa maji kwa tumbo, kugusa tu, alimezwa kwa sauti kama mtu anabusu. Huyo nilimpata. Toka siku hiyo nimerudia mara nyingi na picha ni ileile, wadogo wanaruka sana na wanakosa sana, wakubwa wanamsindikiza kwa macho wakisubiri atue.

Kwa nini wanakosa nilikuja kuelewa baadaye, na ni jambo zuri sana kulijua. Samaki akitazama juu haoni uso wote wa maji kuwa wazi. Anaona duara tu juu ya kichwa chake, kama dirisha, na nje ya hilo duara uso wa maji ni kioo, unamwonyesha chini ya bwawa. Upana wa dirisha unategemea kina alichopo, akiwa mita 1 chini duara lina upana kama mita 2 na sentimita 25 hivi, akiwa sentimita 20 tu chini linabaki kama sentimita 45. Na dunia yote ya nje, kuanzia mti mpaka mawingu, imebanwa humo ndani. Kitu kilichopo juu ya utosi wake anakiona kilipo kweli, kilichopo pembeni mwanga wake unapinda ukiingia majini kwa hiyo anakiona kimeinuka kuliko kilipo. Ndo maana yule aliyesimama chini kabisa ya mdudu ana nafasi, anayeruka kutoka pembeni anarukia mahali ambapo mdudu hayupo.

Na mdudu anapogusa maji mambo yanabadilika. Tumbo na miguu vinachomoza chini ya kile kioo, samaki hata akiwa mbali na nje ya dirisha anaviona, na maji yanatikisika anavihisi pia. Ana macho na ubavu kwa wakati mmoja. Nadhani hao wakubwa wanasubiri kwa sababu hiyo, kuruka ni kazi na kereng'ende halisi anapotaga anashuka mwenyewe anachovya mkia majini, sasa wa nini kuhangaika. Hao wa kweli wanakuwepo pale tele mwezi wa sita na wa saba, wawili wawili wameshikana, na nimeona kwa macho yangu besi wa kiganja akimdaka mmoja hewani safi kabisa.

Nilipomsimulia Papa akanikumbusha kibebe. Watu wa Tanganyika mnamjua, yule mwenye meno ya nje kama mbwa. Watafiti Afrika Kusini walirekodi ndugu zake kwenye bwawa la Schroda karibu na Mapungubwe wakiwadaka mbayuwayu wanaoruka, ndege kabisa, na walikuwa na njia mbili, wengine wanamfukuza ndege wakiwa chini kidogo ya uso wa maji halafu wanaruka, wengine wanatokea kina kirefu moja kwa moja. Anayefukuza karibu na uso ana lile tatizo la dirisha dogo na picha iliyopinda, anayetokea chini anaona eneo kubwa ila ana safari ndefu. Yaani samaki wa kule nyumbani na huyu wa Texas wanafanya hesabu ileile. Nilifurahi sana kulijua hilo.

Turudi kwa bidhaa. Maneno ya kwenye boksi si uongo, ila hayakuambii kwamba kuruka na kunasa ni vitu viwili. Ukimning'iniza hewani samaki watakuja na wengine wataruka, mimi niliowanasa wakati hajagusa maji ni wawili tu kwa miezi mitatu yote. Ukimning'iniza, wakaja, wakatazama, halafu ukamgusisha maji, hapo ndo anafanya kazi kuliko chambo chochote nilichonacho, hata kuliko chura wa mpira. Chura namkubali kwenye majani ya yungiyungi na magugu mazito ambako unaweza kumburuza juu, lakini kwenye maji wazi chini ya tawi samaki wa hapa walioshavuliwa na kuachiwa mara nyingi wanamjua chura. Huyu bado wanamwamini.

Masharti yapo. Upepo ukivunja uso wa maji dirisha la samaki linavunjika vipande vipande, hapo kaa na vyambo vingine. Maji yakiwa ya tope sahau kabisa, nilijaribu siku mbili baada ya mvua na hakuna aliyekuja. Jua likiwa nyuma yako kivuli chako kitafika kabla ya mdudu. Na tafadhali, akipiga usivute hapohapo! Hesabu moja, mbili, mpaka usikie uzito, ndo uvute, ukishtuka unamnyang'anya mdomoni. Hilo limenigharimu samaki wengi wiki za mwanzo.

Kinachoniudhi ni mabawa. Yamechomekwa kwenye kitundu na tone la gundi, samaki wa tatu au wa nne yanatoka, na bila mabawa anaanguka kwa ubavu na hasimami vizuri majini. Niliwaandikia wauzaji nikauliza kama wana mabawa ya akiba, wakajibu baada ya wiki mbili kwamba hawauzi peke yake, ninunue mwingine. Kitu cha dola 9 kinachotengenezwa ili kipigwe na samaki hakitakiwi kuharibika kwa kupigwa na samaki, na akiba ya mabawa manne kwenye boksi isingewafilisi. Mimi nimekata chupa ya maji ya plastiki kwa mkasi, nikachora kwa kufuata bawa la zamani, nikachomeka na gundi ya viatu na kufunga uzi mara tatu kifuani. Hayo ni mwezi wa pili sasa hayajatoka na yanang'aa vizuri kuliko ya kwao.

Ndoano ni nzuri, haijapinda wala kupata kutu. Mpira wa mwili umetoboka meno lakini bado unaelea.

Nampa nyota 4, hiyo moja ni ya mabawa. Kama unavua maji maangavu yenye miti iliyoinama, mnunue wa kijani na ununue wawili. Kama unavua maziwa makubwa ya wazi yenye upepo, pesa yako iweke. Jumamosi hii nakwenda na Papa kwenye lile tawi, yeye amekata mabawa yake mwenyewe kutoka kwenye chupa ya soda ya kijani na anasema yangu ni mapana mno.