Diwani za Washairi wa Pwani: Ipi Inunuliwe Kwanza na Msomaji wa Mwanza

Msomaji wa Mwanza aliyezoea mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, hujiona mgeni anapofungua diwani ya Pwani kwa mara ya kwanza, kwa kuwa humo vina (silabi zinazolingana sauti) na mizani (idadi ya silabi katika mstari) vinatawala na lahaja haimsubiri. Kwa hiyo fedha ya diwani moja haifai kutumiwa kwa kubahatisha.

Namshauri aanze na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla wa Mombasa, iliyochapishwa na Oxford mwaka 1973. Mashairi hayo aliyatunga gerezani, alikokaa hadi 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inaelekea wapi, na mengine aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Kimvita chake, yaani lahaja ya Mombasa, kinasumbua mwanzoni, kwani “siwati” ni “siachi”, “nti” ni “nchi” na “mato” ni “macho”, lakini baada ya kurasa kadhaa sikio huzoea. Na mtu wa kando ya Ziwa, ambaye tangu utotoni ameonywa asichote maji mahali penye mamba, atalisoma shairi la “Mamba” akiwa na hofu anayoijua mwilini. Sijaona diwani nyingine ambamo ufundi wa kale na msimamo wa mtu mmoja vimeshikana hivi. Ikiwa fedha inatosha kitabu kimoja tu, kiwe hiki.

Ya pili ni Kimbunga ya Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, iliyotolewa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) mwaka 1994. Fumbo la upepo unaong'oa mibuyu na kuiacha minazi linaeleweka hata kwa asiyewahi kuiona bahari. Kwa kuwa imewahi kusomwa kidato cha tano na sita, nakala zilizotumika huuzwa kwa bei nafuu.

Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, ya mwaka 1971, ni tamu mno, ila inunuliwe baada ya Sauti ya Dhiki, sikio likiwa limekwisha kufunguka. Anayetaka sauti ya siku hizi achukue N'na Kwetu ya Mohammed Ghassany wa Pemba. Diwani ya Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa Mombasa, iliyohaririwa na Hichens mwaka 1940, itafutwe kwanza maktaba.

Lililo muhimu kuliko jina ni nakala yenyewe. Niliwahi kuuziwa nakala ya fotokopi ambayo ukingo wake wa kulia ulikuwa umekatwa, na kina cha mwisho kikapotea katika kila mshororo, jambo lililoniumiza kwa sababu shairi lisilo na kina hicho limepoteza nusu ya muziki wake. Tangu hapo huhesabu kabla ya kulipa: shairi la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili), kwa hiyo mishororo mingi ikitoka na mizani 15, herufi zimedondoka kiwandani. Anayeagiza Dar es Salaam ili kifurushi kije kwa basi hadi Nyegezi amwombe muuzaji picha ya ukurasa wa katikati, kwa maana jalada peke yake halionyeshi hitilafu hizo.