TAHADHARI: makinda ya kasuku wanaouzwa kwa "dume, cheti cha DNA kipo" hapa Maskati

Assalam aleykum jamani, hii nawaandikia nyie mnaotaka kununua kinda la kasuku sasa hivi hapa Maskati. Kuna jamaa anauza makinda ya kasuku wa kijivu kwenye Insta na kwenye magrupu yetu ya wasap, Kiswahili anakizungumza safi kabisa na Kiarabu juu yake, na ndo maana watu wanamwamini haraka, mtu wetu huyu bwana, hatotuzidi. Anawazidi. Jina lake siliweki ila ntawaeleza anavyofanya, ukikutana naye au na mwengine wa aina yake utamjua tu.

Mchezo wake uko hivi: anapost kinda wa wiki saba nane, bado analishwa uji kwa sindano (bomba tu, si ya kuchoma), macho meusi tii, chini anaandika DUME, DNA IPO, yaani jinsia yake imepimwa maabara na cheti kipo. Bei ya dume anaiweka juu kwa riali 40 kuliko ya jike kwa sababu anajua watu wengi wanaamini dume ndo msemaji (uongo huo nao, kasuku wa kijivu dume na jike wote wanasema, inategemea ndege mwenyewe na mnavyokaa naye, wapo majike wanaoita watoto wa nyumba nzima kwa majina na wapo madume wanaopiga miruzi tu mpaka uzee). Ukionesha nia anataka arbuni kwanza, ukishatuma ndo unaletewa cheti kwa pidiefu, na cheti chenyewe kizuri wallahi, nembo ya maabara ya Afrika Kusini, tarehe, muhuri, namba ya pete ya mguuni mwa ndege, na jina lako weye limekaa pale juu utasema umepewa hati ya nyumba.

Binti wa khalati yangu kanunua mmoja kwake, watoto wakampa jina Juma siku hiyo hiyo. Mie nilipokwenda kumtazama nikataka kusoma pete, maana ndo kitu cha kwanza nnachoangalia kwa ndege yoyote. Maandishi ya pete madogo kweli na kinda hatulii, basi tukamngoja aanze kung'ang'ania kijiko cha uji nikaupiga mguu picha kwa simu nikaikuza. Pete inaishia 417, cheti kinaishia 452. Halafu pete ina mwanya, yaani imebanwa kwa koleo, unauona kabisa ule mstari pale ncha mbili zinapokutana.

Hapo kwenye mwanya ndo pa kutia akili. Kasuku aliyezaliwa kwa mfugaji anayejali huvishwa pete nzima isiyo na kiungo akiwa bado mdogo sana, wiki ya pili ya tatu hivi, wakati vidole bado vinapita. Mguu ukishakua ile pete haivuki tena wala haitoki mpaka uikate, na ndo maana namba yake ina thamani, ndege na namba wamekua pamoja. Pete yenye mwanya mtu anaweza kumvisha kasuku leo asubuhi na mchana akampost. Sisemi kila pete ya mwanya ni wizi, wapo wanaozitumia kwa sababu zao, ila hiyo haiwezi kumfunga ndege na cheti, cheti kinabaki karatasi ya ndege fulani, nani hajulikani.

Nikauliza kwenye grupu nani mwengine kanunua kwa huyu bwana, wakatokea wawili, tukaviweka vyeti pamoja. Pete ile ile 452 kwa wote, tarehe ile ile, kila kitu kile kile, kilichobadilika ni jina la mnunuzi tu, na hilo jina hata fonti haifanani na maandishi mengine, limekolea zaidi na limepanda juu ya mstari kidogo. Kwa hiyo cheti kimoja kinalea makinda watatu katika nyumba tatu, na Mungu ndo anajua wengine wangapi.

Akapigiwa. Kwanza kasema maabara wamekosea kuandika. Alipotumiwa skrinshoti za vyeti vyote vitatu kasema aah, pete ilikuwa inambana ndege nikambadilishia. Sawa, na hao wawili wengine? Kimya. Basi tukampeleka Juma kwa daktari wa wanyama, akachomoa manyoya machache ya kifuani yakapelekwa maabara, majibu yakarudi jike. Jamaa alipoletewa majibu ndo akatoa kali ya mwaka, eti DNA kwa wachanga hukosea, subirini akue mtaona mwenyewe atavyokuwa dume.

Msikubali maneno hayo hata kidogo. Kwa ndege jike ndo mwenye kromosomu (vile vibeba urithi vinavyoamua jinsia) mbili tofauti, Z na W, dume ana Z mbili, kinyume na sie binadamu, na hiyo imo tangu ndani ya yai, haibadiliki kwa kukua, hata ganda la yai alilototolewa linaweza kupimwa. Kipimo kikikosea basi mara nyingi ni sampuli: manyoya yaliyookotwa chini ya tundu wanaloishi wanne, au yamechanganywa na ya mwengine, au hayana shina. Umri si sababu.

Kisha ikaja vois ndefu ya kutufundisha alama. Eti huyu kichwa bapa, mdomo mpana, kifua cheusi, manyoya mekundu ya chini ya mkia hayana ukingo wa kijivu, dume huyo. Na alimshika nyonga, mifupa imekaribiana, dume huyo. Jamani, kasuku wa kijivu dume na jike wanafanana, hao wakubwa wenyewe wafugaji wa miaka wanabishana, sembuse kinda ambaye hata rangi ya macho bado hajaipata. Mifupa ya nyonga kwa wadogo imekaribiana kwa wote, huachana kwa jike aliyekomaa akikaribia kutaga, na hata hapo watu hukosea. Macho kutoka meusi kwenda kijivu mpaka manjano yanakwambia umri, hayakwambii jinsia. Na kuna wengine mpaka leo wananing'iniza pete ya ndoa kwa uzi juu ya ndege, ikizunguka jike ikienda mbele na nyuma dume, haya, mkono wa mwenye uzi ndo unaojibu.

Wapo kasuku wa kujulikana kwa macho ila si huyu. Eklektasi dume kijani mdomo wa rangi ya machungwa, jike mwekundu mdomo mweusi, na huanza kuonekana manyoya yakichipua tu. Wale wa kijani wenye kola wanaotupigia kelele kwenye mitende, dume ndo mwenye kola, lakini haitoki mpaka apite mwaka na nusu na wengine hufika mwaka wa tatu, kabla ya hapo wote wana sura ya jike, kwa hiyo anayekuuzia mchanga wa miezi minne na kukuapia kuwa ni dume anabahatisha kwa pesa yako.

Mtu atasema sasa kuna shida gani, dume jike si kasuku tu. Kwa wa kukaa naye sebuleni kweli hakuna shida, Juma wetu bado anaitwa Juma na anapendwa vile vile. Shida ya kwanza ni hizo riali 40 za uongo. Ya pili, kuna watu wananunua wawili kwa jina la pea wakae miaka wanangoja, kumbe majike wote, wanataga na kuatamia mayai yasiyo na kitu. Ya tatu ndo inayoniudhi zaidi: jike anaweza kutaga hata bila dume, na kasuku wa kijivu ana tabia ya kupungukiwa kalsiamu, yai likimkwama utamkuta kajikunyata chini ya tundu kavimbisha manyoya, na weye kwa kuwa una cheti cha dume ukutani hata halikupitii wazo la yai, unampa asali na habbasoda wakati anatakiwa kwa daktari muda ule ule.

Na kuna jengine. Kasuku wa kijivu toka Januari 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wa porini hauzwi nje kibiashara, anayeingia nchini kihalali ni wa kufugwa na anakuja na kibali. Namba ya pete ndo inayomuunganisha na kibali chake. Muuzaji anayekwambia nilimbadilishia pete anakwambia pia kwamba hizo karatasi nyengine hazimhusu ndege uliyembeba. Siku unahama au unataka kusafiri naye ndo utajua.

Kwa anayetaka kununua: kabla ya arbuni omba video, si picha, pete inasomeka na uso wa kinda unaonekana humo humo bila kukatwa. Tazama kama ina mwanya. Omba cheti kabla ya pesa, tafuta namba ya maabara mwenyewe, usitumie iliyoandikwa kwenye cheti, waulize wao kama wametoa matokeo ya pete hiyo. Na hata wakisema ndio, jueni maabara inapima manyoya iliyoletewa, haikumuona ndege. Mtu anaweza kuchomoa ya dume mkubwa wa nyumbani kwake akaandika namba ya kinda juu ya bahasha, na cheti kikatoka halali kabisa. Kwa hiyo bei ya dume msilipe. Lipeni bei ya kinda, kisha pimeni wenyewe kwa daktari, manyoya ya kifuani yaliyochomolewa hapo hapo, ya bawa na mkia msiyaguse, shina lisishikwe kwa vidole, bahasha safi ya karatasi, ndege mmoja bahasha moja.

Na kama hujawahi kulisha kwa sindano usichukue wa wiki saba hata akiwa bure, uji wa moto kupita kiasi unamuunguza gole (kile kifuko cha chakula shingoni) na wa baridi unalala humo haushuki, subiri aache sindano mwenyewe.

Jamaa kesha tublock na akaunti kaibadilisha jina, ila video ni zile zile, kasuku mkubwa anayesema "karibu chai" nyuma ya makinda. Pesa hajarudisha, alichotupa ni ofa: mrudisheni Juma, ongezeni riali 30, awape "dume wa uhakika". Wenye cheti kutoka kwake nitumieni picha ya cheti na ya pete inbox, jina lenu lifuteni, nataka tujue 452 wako wangapi kabla hatujaenda kushtaki.