Studio ya huku River Road iliyoacha vumbi la Doha kwa picha zangu

Kama uko na picha za Gulf kwa simu na unatafuta mahali pa kuzisafisha, kuna studio ndogo ghorofa ya tatu, ukitoka Luthuli unashuka kuelekea River Road, ngazi ziko katikati ya duka la spika na duka la kava za simu. Nawapa nyota tano na si kwa sababu ya bei.

Nilifanya kazi Doha miaka miwili, usafi wa ofisi. Nilifika mwezi wa saba na nasema ukweli, wiki za kwanza niliona rangi moja tu. Nyumba ni za mchanga, kuta ni za mchanga, na ule upepo wao wa shamal ukivuma hata mbingu inakuwa mchanga, huoni mahali ardhi imeishia. Mimi ni mtu wa Kangemi, nimezoea udongo mwekundu na sukuma kando ya barabara na mathree zimechorwa kila rangi, kwa hivyo macho yalikuwa na njaa kabisa. Kwa basi nilikuwa nahesabu chochote chenye rangi: teksi za Karwa ambazo ni feruzi, bendera yao ambayo ni nyeupe na damu ya mzee, bogenvilia kwa ukuta wa mtu. Hata metro niliipenda kwa sababu njia zake zinaitwa kwa rangi, nyekundu, kijani na dhahabu.

Halafu polepole ule mchanga ukaanza kugawanyika. Asubuhi mapema ni maji ya kunde, saa sita ni chokaa, jioni ni unga wa wimbi. Siku moja ya Ijumaa tukatoka nje ya mji na wasichana wa kazini nikaona mti wanauita samr, kumbe ni mgunga, ule ule wa Magadi, nikausimamia pale kama nimepata mtu wa kwetu.

Hapo ndio nikaanza kupiga picha sana. Ninayoipenda zaidi ni ya mwezi wa nane, mtaa mtupu mchana. Kule kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba sheria inakataza kazi za juani toka saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu, kwa hivyo mafundi wote wameingia ndani, hakuna mtu, mwanga umemeza kila kitu na kitu cheusi ni kivuli cha mtende mmoja tu.

Sasa niliporudi nikapeleka hizo picha studio nyingine hapa tao na zikatoka na mbingu ya buluu! Mashine inajirekebisha yenyewe, ikiona picha nzima imekaa manjano inadhani kamera ilikosea, inasukuma buluu ndani. Tunasema kusafisha picha na hizo kweli zilisafishwa, vumbi lote likaenda. Nilikaa stage nikilia.

Jamaa wa hii studio hakuanza na saizi. Aliziangalia akaniuliza, "Siste, siku hiyo mbingu ilikuwa rangi gani?" Nikamwambia vumbi. "Vumbi la ugoro ama vumbi la unga?" Manze hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza hivyo. Akazima ile programu ya kujirekebisha, akawa anatoa vipande vidogo vya kujaribu, ananionyesha dirishani kwa mwanga wa jua, mimi nasema hapana kaka hii imekuwa kahawia sana, anapunguza, ongeza wekundu kidogo, anaongeza, watu wa picha za pasipoti wanaingia anawamaliza anarudi kwangu bila kununa. Karibu saa nzima na yeye hajawahi kufika huko, lakini aliipata. Pia alinishauri nichukue karatasi isiyong'aa, maana ile ya kung'aa inarudisha taa ya nyumba na hizi rangi laini zinapotea.

Nililipa bob 50 kwa kila moja, inchi 4 kwa 6, na vile vipande vya kujaribu hakunichaji.

Mama alikuwa ananiuliza kila Jumapili kwa simu huko kunakaaje na nilikuwa nashindwa kumwambia. Nikampa ile ya mtaa mtupu. Aliishika muda mrefu, akapitisha kidole kwa kile kivuli, akasema, "Kumbe ukinipigia ulikuwa unasimama mahali kama hapa."

Ubaya: lifti haifanyi kazi, na Jumamosi mchana kunajaa sana hadi hapati nafasi ya kukaa na wewe hivyo. Enda katikati ya wiki asubuhi, beba picha zenyewe kwa simu, usizitume kwa WhatsApp kwa sababu zinapunguzwa. Mimi narudi Jumanne na ule mgunga, nataka mkubwa wa kutundika.