Dark: tamthilia ya safari za wakati inayostahimili ubishi wa Ngamiani, na mahali inapovuja

Ukitafuta tamthilia moja tu ya safari za wakati ya kuitolea bando na kuibishania kwenye kahawa za Ngamiani, Tanga, chukua Dark. Ni ya Kijerumani, imetungwa na Baran bo Odar na Jantje Friese, ipo Netflix, na imekwisha: misimu mitatu, sehemu 26 (10, 8 na 8), kuanzia Desemba 2017 hadi Juni 2020. Huko kwisha kwake ni sifa kubwa. Tamthilia nyingi za aina hii hutoboka kwa sababu waandishi huongezewa misimu wasiyoipanga, nao hubadili sheria njiani ili hadithi iendelee.

Kuanzia hapa hadithi inafichuliwa, na chini kabisa unafichuliwa mwisho wenyewe. Ambaye hajaitazama asome aya ya bando tu.

Sheria yake ni hii. Ndani ya pango la mji wa Winden kuna njia inayounganisha nyakati zilizoachana kwa miaka 33: 1953, 1986 na 2019. Watu wa Tanga, waliokua wakisimuliwa kwamba Mapango ya Amboni yanatokea Mombasa, hawatapata tabu kulikubali pango hilo. Swali linakuja kwenye namba. Kwa nini 33, si 30 wala 50? Tamthilia inajibu kuwa ni mzunguko wa mwezi na jua, na jibu hilo lina ukweli ambao kila anayefunga Ramadhani anaujua. Mwaka wa Hijria una siku kama 354, hivyo mfungo husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka, na baada ya miaka 33 hurudi kwenye majira yaleyale. Tazama miaka ya tamthilia yenyewe: Ramadhani ilianza katikati ya Mei mwaka 1953, karibu na tarehe 10 Mei mwaka 1986, na tarehe 6 au 7 Mei mwaka 2019. Hapo hapo kasoro inaonekana, maana kila mzunguko unapishana kwa siku nne hivi. Tamthilia ikidai kila kitu kinarudi palepale kilipokuwa, inatia chumvi. Dosari hiyo ni ndogo na haiangushi hadithi.

Kuna "kosa" jingine ambalo si kosa kabisa. Msimu wa pili unaonyesha 1954, 1987 na 2020, na wapo wanaosema waandishi wamechanganya miaka. Hawakuchanganya. Njia ya pangoni haikufungwa kwenye mwaka fulani. Imefungwa kwenye umbali wa miaka 33. Huku ukisogea miezi saba, na kule kunasogea miezi saba.

Kuhusu kuitazama. Kwa ubora wa kati Netflix hula kama GB 0.7 kwa saa, na ubora wa HD hufika GB 3. Sehemu nyingi zinakaribia saa moja, kwa hiyo tamthilia nzima kwa ubora wa kati ni GB 17 au 18 hivi. Kwenye programu ya simu, chagua hali ya kuokoa data: hapo GB 1 inakwenda karibu saa sita, na yote itamalizika chini ya GB 5. Picha inapungua ukali, na hilo lina gharama yake, kwa kuwa nusu ya tamthilia imepigwa gizani. Mchana wa barazani hutaona kitu, itazame usiku. Pakua sehemu mbilimbili kukiwa na Wi-Fi ili umeme au mtandao ukikatika usiachwe katikati. Kifurushi cha bei ya chini cha simu pekee hakifai kwa kundi, maana hakifunguki kwenye televisheni. Sauti iweke ya Kijerumani na maandishi ya Kiingereza. Sauti ya Kiingereza iliyopachikwa hailingani na midomo, na inaua uigizaji.

Weka daftari pembeni. Gawa safu nne za koo, yaani Kahnwald, Nielsen, Doppler na Tiedemann, kisha miaka iende chini. Usipofanya hivyo, kufika sehemu ya tano utakuwa umepoteza nani ni nani, na utaanza kuita tundu kitu ambacho ni wewe uliyesahau. Martha, kwa mfano, ni shangazi wa Jonas, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, na bila daftari jambo hilo hukaa kichwani kwa dakika moja tu. Katika msimu wa tatu unaingia ulimwengu wa pili unaofanana na wa kwanza, na hapo kuna Martha wawili. Wa ulimwengu wa pili ana nywele zilizokatwa juu ya nyusi.

Sasa ubishi wenyewe. "Kwa nini Jonas asijiue, mambo yaishe?" Msimu wa tatu unajibu waziwazi: bastola inagoma kichwani pake, kisha inalia ikielekezwa kwingine. Jonas mzee, anayeitwa Adam, yupo tayari, kwa hiyo Jonas kijana hawezi kufa. Hii ndiyo kanuni aliyoitetea mwanafizikia Mrusi Igor Novikov: lililotokea limetokea, na safari yako ya nyuma ni sehemu ya lililotokea.

Mashine ya kusafiria wakati, ile ya kubeba mkononi, ndiyo kazi safi kuliko zote. Kitu kinachozunguka chenyewe bila mwanzo kingechakaa kila mzunguko hadi kivunjike. Waandishi walilifikiria hilo. Fundi saa Tannhaus analetewa michoro mwaka 1953 na kuunda mashine mpya, kisha mwaka 1986 analetewa mashine ya zamani iliyoharibika, inayomwonyesha namna ya kuikamilisha ile yake. Kinachozunguka ni ujuzi, wala si chuma. Ujuzi hauna mwanzilishi, ndiyo, lakini haupati kutu.

Charlotte na Elisabeth, ambao kila mmoja ni mama na binti wa mwenzake, wanahitaji hesabu. Charlotte ni nusu Noah, baba yake, na nusu Elisabeth. Elisabeth ni nusu Peter, mume wa Charlotte, na nusu Charlotte. Ukiitatua, kwa wastani Charlotte anakuwa theluthi mbili Noah na theluthi moja Peter, na Elisabeth kinyume chake. Inafungana vizuri ajabu. Lakini mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati, mtoto huzirithi kwa mama peke yake. Za Charlotte zimetoka kwa Elisabeth, za Elisabeth kwa Charlotte, na hakuna mwanamke wa tatu aliyezianzisha. Hili ni tundu halisi, na hakuna mchoro wa ukoo utakaoliziba.

Tundu kubwa zaidi liko mwishoni. Jonas na Martha wanafika ulimwengu wa asili mwaka 1971 na kuzuia ajali iliyomfanya Tannhaus wa huko aunde mashine nyingine, iliyozaa dunia zao mbili. Ajali isipotokea, mashine haiundwi, wao hawazaliwi. Basi nani alisimama barabarani kuizuia? Ni kitendawili kilekile cha anayerudi kumuua babu yake. Wanaosema suluhisho lilichomekwa dakika ya mwisho wanakosea: kabla ya hapo tumeshaona wakati ukisimama kidogo kwenye maangamizi ya Winden, mnyororo wa sababu na matokeo ukakatika, na Jonas mmoja akifa huku mwingine akiokolewa. Sheria hiyo inaeleza vizuri namna Claudia (wa ukoo wa Tiedemann) na Adam walivyochepuka nje ya duara. Haielezi jinsi wageni kutoka dunia ambazo hazikuwahi kuwepo walivyoacha alama kwenye dunia iliyobaki. Hilo halijibiwi ndani ya sehemu zote 26, na anayeshikilia kuwa limejibiwa ataje sehemu na dakika.