Katwe au chuoni: wapi pa kujifunza kukereza vyuma?

Kijana wa Kampala anayetaka ufundi wa kukereza, yaani kuchonga chuma kinachozungushwa na mashine, ana njia mbili: karakana za mtaa wa Katwe, au chuo cha ufundi kama cha Nakawa.

Kwa gharama, Katwe ni nafuu mwanzoni. Wengi huingia bila karo, ila miezi ya kwanza ni kufagia chenga za chuma na kutumwa spea. Chuoni unalipia karo na ovaroli, na kipato hakuna.

Wepesi wa mkono hupatikana Katwe. Shafti (mhimili wa mashine unaozunguka) iliyolika inaletwa asubuhi, inajazwa kwa kuchomelewa, inakerezwa, na mwenye kinu cha mahindi anaisubiri mlangoni. Lakini mengi huko ni mazoea: shafti ya moto humwagiwa maji, na kama chuma kina kaboni nyingi, kinakuwa kigumu mno, kisha kinakatikia kazini. Chuoni utaambiwa sababu. Utajua pia kwamba tapu (kifaa cha kukata nyuzi za bolti ndani ya tundu) ya M10, yaani ya bolti ya milimita 10, yenye hatua ya milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi, hutanguliwa na tundu la milimita 8.5; ukitoboa 9 ili iingie laini, nyuzi zinabaki na kina kidogo na bolti inazing'oa. Udhaifu wa chuo ni foleni: wanafunzi wengi, mashine chache.

Mwenye familia ya kulisha aanze Katwe, anunue mapema mikromita yake (kipimo cha unene wa chuma), kisha aombe kupimwa apate cheti cha ujuzi. Anayelenga viwanda vya Jinja vinavyodai vyeti aende chuo kwanza, na likizo akakereze Katwe.